Kazi ya Likizo Pamoja na Walinzi wa Wanyama: Tuikubali kwa Masharti Gani?

Maneno ya afisa wa mashinani mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, machifu na wajumbe wa kamati za amani, Kongolo



Nianze na neno moja kusudi mtu asikae akingojea bure. Sikuleta daftari ya kuandika majina. Hakuna kazi ninayoigawa leo. Nimeombwa kuzungumza juu ya swali linalorudi mara nyingi katika vikao vyetu: watoto wetu wanaosoma, je, hawawezi kupewa kazi ya kuwasaidia walinzi wa wanyama wa pori wakati wa likizo kubwa, ili wapate franka za shule? Wengine wanauliza kwa matumaini. Wengine, na hasa ndugu zetu Batwa, wanauliza kwa hofu. Kwangu mimi wote wawili wana sababu, na nitajaribu kuwajibu wote wawili bila kumficha mmoja kitu ninachomwambia mwingine.

Haja ya fedha sihitaji kuieleza hapa. Shule ya msingi ya Serikali ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na mtihani wa Serikali unalipwa, na daftari hazianguki mbinguni. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Julai. Kwa miezi miwili kijana anasukuma baiskeli yenye madumu ya mafuta ya mawese, au anachoma makaa, au anakaa. Na kijana anayekaa katika Julai anaonekana na kila mtu anayetafuta kijana. Mnajua ninazungumza juu ya nani. Wenye bunduki porini nao wanaijua kalenda ya shule.

Sasa tazameni jambo hili: kalenda ya shule na kalenda ya pori zinakutana. Kipwa chetu kinaanza karibu Mei na kuendelea hadi Septemba. Majani yanakauka, watu wanachoma pori, wanyama wanakusanyika penye maji yaliyobaki, na mitego ya waya inatandikwa kwenye njia zao. Ni wakati ule ule ambapo mlinzi anahitaji mikono mingi kuliko miezi mingine yote. Kwa hiyo wazo la kumwajiri mwanafunzi kwa msimu si wazo la kijinga. Huko Marekani, idara ya mbuga za taifa imekuwa ikiajiri walinzi wa msimu kwa miaka mingi, na wengi wao wametoka vyuoni. Lakini angalieni: kule mtu wa msimu anayetumwa kukamata wahalifu amepita kwanza mafunzo maalumu ya sheria na silaha, ambayo vyuo kama Northern Arizona University viliyatoa. Hakuna aliyeokotwa kwenye benchi la shule Ijumaa na kupewa pingu Jumatatu.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kuwa gumu. Kumsaidia mlinzi ni kufanya nini hasa?

Kwanza tujue mlinzi ni nani katika nchi yetu. Ndani ya mbuga za taifa na hifadhi nyingi, kazi ni ya ICCN, taasisi ya Serikali inayolinda viumbe. Nje ya hapo, katika vijiji na mapori yanayotuzunguka, uwindaji unasimamiwa na watu wa idara ya mazingira. Wote wanafuata sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na sheria ya kulinda mazingira ya asili ya tarehe 11 Februari 2014. Tangu mwaka 2006 kuna pia orodha ya wizara inayotaja wanyama waliolindwa. Mlinzi mwenye mamlaka ya kuandika kosa na kumshika mtu anayapata mamlaka hayo baada ya kuteuliwa na kula kiapo. Kiapo hicho ndicho kinachomfanya ajibu mbele ya hakimu akimpiga mtu au akimnyang'anya mali yake.

Mwanafunzi hakula kiapo. Hilo naomba mlikumbuke kuliko mengine yote nitakayosema. Akimshika mtu, ameshika kama mtu yeyote wa kijiji anayemshika jirani yake. Akichukua mzigo wa nyama, mwenye mzigo atasema ameibiwa, na sijui tutamjibu nini.

Na jirani huyo ni nani? Hapa Tanganyika hatuwezi kusema juu ya pori bila kusema juu ya Batwa na Bantu. Ugomvi ulioanza kuwaka mwaka 2013, ukazidi sana katika 2016 na 2017, ulitawanya watu kwa mamia ya maelfu katika mkoa mzima. Wengi wenu mliomo humu mlikimbia wakati huo, kutoka pande zote mbili. Sasa fikirini kijana wa Kibantu, mwanafunzi mwema, asiye na chuki na mtu. Anatembea mbele ya walinzi wenye bunduki. Anajua njia, kwa hiyo anawaonyesha. Wanafika penye vibanda vya Batwa, wanakuta nyama inakaushwa juu ya moto. Mwanamume mmoja anashikwa, nyama inachukuliwa, watoto wanalala njaa. Walinzi wanapanda pikipiki na kurudi zao. Kesho yake kijana wetu yupo, wazazi wake wapo, shamba la baba yake lipo kando ya njia ile ile. Hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na sheria ya 2014. Litasemwa neno moja tu: Bantu wametuletea askari.

Geuzeni mfano huo, utakuta ni ule ule. Kijana wa Kitwa akiwapeleka walinzi kwenye mitego ya mwindaji wa Kibantu, je, atalala kwao usiku ule?

Mkimbizi naye ana hatari yake. Ni mgeni, anaishi juu ya ardhi aliyopewa na wenyeji. Familia ya kambini mara nyingi inakula kile kinachopatikana, na nyama ya pori ni sehemu ya chakula hicho, ikinunuliwa sokoni au ikitegwa na baba mwenyewe. Mtoto wa familia hiyo akiitwa msaidizi wa walinzi, mwenyeji atauliza: tumewapa mahali pa kujenga, nao wanatuchunga?

Sisemi haya kwa kubuni hofu. Mbele ya macho yetu kuna mambo yaliyotokea. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilianzisha Operesheni Tokomeza katika Oktoba 2013 kupambana na ujangili. Tembo walikuwa wanauawa kwa wingi mno, na hilo halikuwa uongo. Lakini baada ya karibu mwezi mmoja operesheni ilisimamishwa kwa sababu ya vilio vya wananchi: watu kuuawa na kuteswa, wanawake kudhalilishwa, mifugo kuuawa. Kamati ya Bunge ilichunguza, na katika Desemba mwaka ule ule mawaziri wanne walipoteza vyeo vyao. Waliofanya kazi ile walikuwa wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, watu wenye mafunzo na wakubwa wa kuwaamuru. Kama kazi iliwaharibikia wao, kijana wa sekondari tutamtegemea nini?

Karibu zaidi na sisi, Kahuzi-Biega. Mbuga ile iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi ndani walitolewa. Tangu wakati huo mlinzi na Mtwa wamekutana msituni kama maadui, na damu imemwagika pande zote mbili. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliotangazwa mwaka 2024 ulisema wazi kwamba haki za Batwa wale zilivunjwa. Ndugu zetu Batwa wa hapa wanapoogopa neno hifadhi, hawaogopi kivuli.

Lakini haki inataka tumtazame na mlinzi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa Virunga waliuawa katika shambulio moja, pamoja na dereva na raia wanne. Katika miaka yote ya mbuga ile walinzi zaidi ya 200 wameuawa. Kule Epulu, tarehe 24 Juni 2012, wenye silaha waliokasirishwa na kazi ya walinzi walivamia kituo, wakaua watu, na okapi 14 waliotunzwa pale wakafa. Watu wa kijini walioishi kando ya kituo waliporwa na kukimbia. Mwanafunzi anayevaa koti la mlinzi anachukua pia maadui wa mlinzi. Mzazi anayesaini karatasi ya ruhusa ajue hivyo kabla ya kusaini.

Mtaniuliza: basi tukatae?

Hapana. Mimi nasema tuikubali, lakini tugeuze maana ya neno kusaidia. Kazi ya kulinda wanyama ina sehemu nyingi, na kukamata ni sehemu moja tu, tena ndogo kwa saa zinazotumika. Kuna kuhesabu wanyama na nyayo zao na kuandika. Kuna kukata vizuizi vya moto kabla pori halijachomwa. Kuna kuandika mashamba yaliyoharibiwa na viboko kando ya Lualaba, kwani mkulima anapoteza mahindi yake na hakuna anayekuja hata kumwandikia. Kuna kuwaeleza watu sheria kwa lugha yao. Kazi hizi zinahitaji mtu anayejua kusoma, kuandika na kutembea, na ndivyo alivyo mwanafunzi.

Chukueni hiyo ya kueleza sheria. Ni machifu wangapi humu wamewahi kusomewa sheria ya 1982? Ndani yake kuna kitu kinaitwa kibali cha pamoja cha kuwinda, kinachoweza kutolewa kwa jamii ya kijiji kwa ajili ya chakula cha wakaaji wake. Hakiruhusu kuua wanyama waliolindwa kabisa, wala kuwinda wakati ambapo mkoa umefunga uwindaji. Lakini kipo. Watu wengi wanadhani sheria inajua neno moja tu, nalo ni marufuku, na wako wajanja wanaofaidika na ujinga huo barabarani. Kuna pia sheria ya mwezi wa Julai 2022 inayolinda haki za wenyeji asilia Bambuti na Batwa, na hiyo nayo haijafika vijijini. Wanafunzi kumi wakizunguka kwa mwezi mmoja, wakisoma sheria hizo kwa Kiswahili na Kihemba na Kiluba, wakionyesha picha za wanyama waliolindwa, wamefanya kazi ya sheria kuliko watu wengi wenye pingu.

Na sasa jambo ambalo mimi naliweka juu ya yote. Kazi hii ifanywe na watu wawili wawili: mwanafunzi mmoja na Mtwa mmoja anayejua pori. Mwanafunzi ana kalamu. Mwenzake anasoma ardhi: anajua mnyama gani alipita, saa ngapi, na kama alikuwa na mtoto. Kule Kenya, karibu na Amboseli, mpango unaoitwa Lion Guardians ulianza mwaka 2007 kwa kuwaajiri vijana wa Kimaasai, miongoni mwao watu waliokuwa wameua simba zamani, ili wafuate nyayo za simba na kuwaonya wachungaji. Wengi hawakujua kusoma. Walifundishwa kuandika na kutumia chombo cha GPS, na ule ujuzi wao wa kuwinda ukawa ndio ujuzi wa kazi. Hakuna aliyewaambia kwamba wanachokijua ni uhalifu.

Lakini katika jozi hiyo malipo yawe sawa. Nasisitiza. Nimeona mara nyingi katika miradi yetu ya misaada Mtwa anaitwa mbeba mizigo au mwonyesha njia na kulipwa nusu, naye mwenye diploma anaitwa ajenti. Tukianza hivyo, afadhali tusianze. Na pale palipo na wakimbizi na wenyeji, nafasi zigawanywe kwa hesabu inayojulikana na wote, itangazwe mbele ya baraza. Machifu mnisamehe, lakini majina yasitoke mfukoni mwa chifu, yakawa yote ya wapwa zake.

Tanzania ina kitu kingine cha kutufundisha, kizuri na kibaya pamoja. Kuna askari wa wanyamapori wa vijiji, wanaochaguliwa kijijini kwao wenyewe, na wengi wamepata mafunzo katika kituo cha Likuyu Sekamaganga, upande wa Ruvuma. Kuchaguliwa na watu wako ni kuzuri, kwa sababu unawajibika kwao. Ubaya ni kwamba katika vijiji vingi posho zao zimekuwa za kubahatisha. Mtu mwenye mamlaka asiye na mshahara anajitafutia mshahara wake barabarani. Sisi Wakongomani jambo hilo hatuhitaji kwenda Tanzania kulijifunza.

Kwa hiyo, akija mtu Kongolo, awe wa Serikali au wa shirika, hata shirika langu, akasema anataka wanafunzi wa msimu, muulizeni kwanza umri. Chini ya miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria ya tarehe 10 Januari 2009, na doria si mahali pa mtoto. Muulizeni mkataba ulioandikwa uko wapi, siku ngapi, franka ngapi, na nani atalipa hospitali kijana akiumwa na nyoka au akikanyaga waya. Muulizeni watalala wapi. Wamama waliniambia hawatakubali mabinti zao walale katika kambi ya doria, na mimi nawaunga mkono: kazi za mabinti ziwe za kurudi nyumbani jioni, bila kupunguza malipo.

Muulizeni pia juu ya habari. Hili linafichwa sana. Mara nyingi kijana anaambiwa: hatutakupa bunduki, wewe utatupigia simu tu ukiona nyama kwa mtu, na kwa kila simu kuna kitu kidogo. Hiyo ni hatari kuliko bunduki. Bunduki inaonekana, lakini mtoa habari hajulikani, na kwa hiyo kila mtu anashukiwa. Katika kambi ambamo watu wa vijiji vilivyopigana wanalala hema kwa hema, tuhuma ya namna hiyo inaweza kubomoa kwa wiki moja kile kamati ya amani ilichojenga kwa miaka. Iandikwe katika mkataba kwamba mwanafunzi hatatajwa wala kulipwa kama mtoa habari, na kwamba daftari yake ya hesabu haina jina la mtu ndani. Aandike: mitego mitano, mahali fulani, tarehe fulani. Basi.

Vijana, ninyi mlio nyuma kule, nami niwaambie lenu. Kama mmoja wenu anataka kweli kuwa mlinzi, njia ipo na ni ndefu. Kuna mafunzo ya ICCN, na kuna shule ya wanyama ya Garoua, Kamerun, iliyowafundisha wakubwa wengi wa mbuga za nchi zinazosema Kifaransa. Mnamjua Rodrigue Mugaruka Katembo? Alishikishwa bunduki akiwa na miaka 14, akawa mwanajeshi mtoto. Baadaye akawa mlinzi Virunga, ambako alikamatwa na kuteswa mwaka 2013 kwa kuwapinga watafuta mafuta, kisha akapelekwa kuongoza Upemba. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Goldman. Upemba iko juu ya mto huu huu. Maji yanayopita chini ya daraja letu yamepita kwanza upande ule. Ninamtaja kwa sababu wengine kati yenu nao mlishikishwa kitu msichokitaka. Lakini mtu huyo alikula kiapo, akavaa sare ya Serikali, akajibu kwa jina lake. Likizo ya miezi miwili haimfanyi mtu kuwa Katembo.

Sasa tulivyopatana na kamati ni hivi. Maswali niliyoyataja yameandikwa katika karatasi moja kwa Kiswahili, nayo itabaki kwa katibu. Machifu wa Batwa waliomba wasomewe peke yao kwanza, kabla ya kukaa na wengine, na hilo limekubaliwa. Wamama wanataka kuongeza swali juu ya mama anayeuza nyama sokoni bila kujua ilikotoka: je, mwanafunzi akimkuta atafanya nini? Swali hilo sina jibu lake tayari, na mtu wa mazingira wa teritware ataombwa alijibu yeye mwenyewe, mbele ya watu. Yeyote mwenye swali lingine amwendee katibu kabla ya Jumamosi. Asiyejua kuandika aseme, ataandikiwa, kisha asomewe tena kile kilichoandikwa kabla ya kutia kidole.